Siku sita Nyatike nikitafuta dhahabu bila maji

Nimerudi Nakuru kitu wiki mbili sasa, nguo nimefua mara tatu na bado maji yanatoka mekundu. Leo nimekaa na kile kidaftari nilikuwa nacho pamoja na picha za simu, nikaona niandike yote venye ilienda, juu watu wengi wameniuliza na nimechoka kurekodi voisi moja moja.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mwezi wa kumi na mbili mjomba alinipigia kutoka Nyatike, huko Migori, akaniambia korongo lao limekauka, vijana wamesimamisha kazi kwa sababu kuosha mchanga kunataka maji na maji hakuna, alafu akasema, "Wewe ni fundi, huwezi tengeneza kitu kinatenganisha mchanga na dhahabu bila maji?" Nikaanza kutafuta video na kusoma. Kumbe hio shida ni ya kitambo sana. Kule Australia Magharibi dhahabu ilipatikana Coolgardie 1892 na Kalgoorlie mwaka uliofuata, jangwa tupu, maji yakawa kitu cha kununua kwa bei kali, na bomba la kuleta maji kutoka karibu na Perth, zaidi ya kilomita 500, lilifika 1903. Hio miaka yote hapo katikati watu walikuwa wanapuliza mchanga kwa upepo. Wengine walimwaga tu kutoka karai moja hadi ingine upepo ukipita, wengine wakajenga masanduku yenye mvuo wa kupuliza hewa.

Nami nikajenga sanduku, la plaiwudi na vyuma vya anglaini. Juu kuna mdomo wenye wavu wa kuchekecha, chini yake mteremko uliofunikwa kitambaa cha pamba na vikingo vya mbao vimepigwa kukata njia, alafu chini kabisa mvuo kama wa mhunzi. Ukisukuma mkono wa mvuo hewa inapenya kwa kitambaa, mchanga mwepesi unaruka na kushuka, kizito kinabaki nyuma ya vikingo. Lilinigharimu shilingi 4,800 na jioni kumi na moja za kazi.

Jumatatu, Februari 10, 2025. Nakuru hadi Migori

Nilifika stejini saa kumi na mbili asubuhi. Makanga wa kwanza aliona sanduku akakataa, wa pili akasema nilipe kama abiria, wa tatu alilifunga juu ya gari kwa mia mbili na akaniachia kamba yake, akasema nitamrudishia nikirudi. Nauli hadi Kisii 900. Salgaa, Mau Summit, Kericho baridi na majani chai pande zote, alafu Sotik, Keroka, hapo sina cha kusema nililala.

Kisii ndio tulikaa. Gari ya Migori ilikuwa na watu watatu, tukangoja ijae saa moja na nusu kwa jua, nikala chapati mbili na maharagwe kwa 120. Nauli ikawa 400. Kupita Rongo matairi ya nyuma yakatoboka, na hapo mzee mmoja mwenye duka la mbolea kando ya barabara alituletea viti vya plastiki vyote alivyokuwa navyo, akina mama waketi kivulini mpaka gari itengenezwe. Hakuuliza mtu pesa. Awendo tukakuta foleni ya matrekta ya miwa, Migori tukaingia giza limeanza. Loji 800, safi, lakini bafuni kulikuwa na ndoo moja na karatasi ukutani: tumia maji kwa busara. Nililipiga picha hilo karatasi, sikujua linanieleza wiki yangu yote.

*Kwa atakayepanga kuenda:* kama una mzigo mkubwa panda gari ya kwanza ya asubuhi. Za mchana zinajaa mizigo ya sokoni na utaachwa.

Jumanne, Februari 11. Kufika

Mjomba alikuja na boda. Tulifunga sanduku nyuma kwa mpira, mimi nikapanda boda ingine, 400 zote mbili. Tukaacha barabara kubwa baada ya Masara, na kutoka hapo ni vumbi jekundu na mawe meupe ya kwatzi yametapakaa mashambani kama mifupa. Jina la kijiji sitataja, mjomba ameniomba, kwa sababu kila dhahabu ikisikika watu wanakuja na majembe usiku.

Hio sehemu ya Migori miamba yake ni ya kale sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na dhahabu imekaa ndani ya mishipa ya kwatzi. Wakoloni walichimba hapo Macalder, shaba na dhahabu, mgodi ukafungwa 1966. Tangu hapo ni wachimbaji wadogo. Mshipa ukioza kwa jua na mvua, kwatzi inavunjika, dhahabu inabaki karibu karibu, alafu mvua kubwa ikija mara chache inaisukuma polepole hadi kwa korongo. Kwa hivyo korongo kavu sio takataka. Ni kama soko lililofungwa, bidhaa bado ziko chini ya meza.

Kabla ya kugusa jembe mjomba alinipeleka kusalimia: mwenyekiti wa kikundi chao, kisha kwa nyanya mwenye shamba. Watu wote pale wanamwita Dani tu, yaani nyanya kwa Kiluo. Alikuwa ameketi chini ya mwembe anapepeta mtama kwa ungo. Akaniambia "bed piny", nikaketi, akaniuliza mama yangu anaendeleaje kwanza, alafu baba, alafu ndio akaniuliza hilo sanduku ni la nini. Nikamweleza. Akaliangalia kitambo. "Nyakwara," yaani mjukuu wangu, "hio ni ungo ya miguu minne."

*Kwa atakayeenda:* Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri, ata kama shamba ni lako na una hati. Mchimbaji mdogo lazima awe raia na awe na kibali. Kikundi cha mjomba kiko nacho, ndio maana nilienda. Kama hujui mtu mwenye kibali usianze, na idhini ya mwenye shamba utafute pia, tena uso kwa uso.

Jioni hio nilifanya kosa ambalo bado linanikera. Nilikuwa na hamu, nikachukua karai nikachota mchanga wa korongo nikaanza kuosha kwa maji niliyoyakuta kwa nyumba ya mjomba, jerikani tatu za lita 20 zimepangwa jikoni. Karai tano, maji yakawa tope, nikayamwaga. Nikaona chembe mbili, nikafurahi sana. Alafu mke wa mjomba akarudi kutoka sokoni akasimama tu mlangoni. Hakunigombeza. Alisema "pi onge", yaani maji hakuna, kwa sauti ya chini, akatoka kuenda kuazima kwa jirani ya kupikia. Yale maji yalikuwa ya siku nzima, ya kupika, kuoga watoto na kunywesha mbuzi. Yanaletwa na punda kutoka Mto Kuja, mwendo wa zaidi ya saa moja, na wakati ule wa kiangazi jerikani ilikuwa 30. Usiku huo nilikula ugali na omena kwa aibu kubwa na asubuhi kitu cha kwanza nilingoja mwenye punda barabarani nikanunua jerikani kumi.

Jumatano, Februari 12. Sanduku linakataa

Tulichimba korongoni penye mwamba uko karibu, kama futi mbili chini. Juu mchanga ulikuwa mkavu unapeperuka, lakini ukishuka futi moja ulikuwa na unyevu kidogo, ule wa kushikana ukifinya. Nikasema hakuna shida. Kulikuwa na shida. Ukimwaga kwa mdomo unakwama, ukisukuma mvuo unavimba kama unga wa mandazi na udongo wote unateremka kwa mabonge, na kama kulikuwa na dhahabu ilishuka nayo imejificha ndani ya bonge. Nilisukuma ule mkono mpaka saa sita. Vikingoni hakuna chochote.

Vijana wa kikundi walikuwa wamekuja kuangalia, mmoja akasema, "Omera, hii inataka kukauka kabisa, kama mahindi ya kupeleka posho mill." Ni kweli, na nilikuwa nimesoma hivyo, lakini nilidhani kiangazi cha Nyatike kinatosha. Boda ikaenda kuninunulia turubai ya 650, tukatandaza mchanga karai arobaini juani, tukavunja mabonge kwa fimbo, tukageuza geuza kama mtama. Kazi ya mchana wote.

Dani akaja na ungo wake saa tisa. Akachota mchanga ule ambao ulikuwa umekauka pembeni, lakini kwanza akauchekecha kwa chujio lake la uji, mawe akatupa, mchanga laini akaweka kando, wa katikati akaweka kando. Kila fungu akalipepeta peke yake. Nikamuuliza mbona asichanganye, kazi iishe haraka. Akanijibu kwa swali: wewe ukipepeta mtama pamoja na maharagwe, ni gani itabaki? Nikanyamaza.

Hapo ndio nilielewa kile nilikuwa nimesoma bila kuelewa. Dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji, kwatzi mara 2.65. Ndani ya maji kila kitu kinapungukiwa na uzito wa maji kinayosukuma, kwa hivyo dhahabu inakuwa kama mara 11 ya mchanga. Hewani hakuna huo msaada, ni mara 7 tu. Maana yake ukitumia upepo kajiwe kakubwa ka kwatzi kanaweza kukaa mahali pamoja na chembe ndogo ya dhahabu, hewa haiwezi kutofautisha. Lazima vitu viwe saizi moja kwanza. Wavu wangu mmoja wa juu ulikuwa hautoshi kabisa.

Ungo wa Dani ulibaki na kijiko kimoja cha mchanga mweusi. Akapuliza polepole kwa mdomo, mchanga mweusi ukasogea, na kwa ukingo wa ungo kukawa na mstari wa njano mwembamba kama uzi. Nilipiga picha nane, zote ziliharibika juu mikono ilikuwa inatetemeka.

Alhamisi, Februari 13. Kupanda korongo

Hii ndio siku nzuri kuliko zote.

Asubuhi nilitoboa shuka kuukuu la mjomba na misumari kutengeneza wavu wa pili, haikufaa, alafu mwalimu wa shule ya jirani ambaye sikumjua akasikia akaleta kipande cha wavu wa mbu wa dirishani, akasema chukua tu. Sasa tukawa na fungu tatu za mchanga: mnene, wa kati, laini. Mchanga wa jana ulikuwa umekauka mpaka unateleza kama maji. Nikasukuma mvuo, pole pole, pumzi fupi fupi sio kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza sanduku likafanya kazi. Karai arobaini ziliisha kabla ya saa sita na vikingoni tukatoa chini ya karai moja.

Hio karai moja ndio tuliosha kwa maji. Beseni mbili na lita kumi na mbili, unaosha juu ya beseni moja, tope linatulia, unachota ya juu unarudisha. Tone la sabuni ya vyombo ndani, kwa sababu dhahabu laini sana inaweza kuelea juu ya maji kama vumbi, sabuni inaivunja hio ngozi ya maji ikazama. Mchanga mweusi mwingi una chuma ndani, tuliutoa kwa sumaku ya spika iliyofungwa kwa karatasi ya plastiki. Na yale maji baadaye mke wa mjomba alikuja akayachukua mwenyewe, akamwagia miche yake ya sukuma. Alitabasamu, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Mchana tukaanza kutafuta chanzo. Unaenda kila hatua ishirini, unachota karai moja chini kabisa penye udongo unagusa mwamba, unahesabu chembe. Sio popote: nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ndani wa kona penye maji yakipita yanapunguza mbio, na ndani ya nyufa za mwamba, hizo tulichokoa kwa kijiko kilichokunjwa na brashi ya rangi. Kwa daftari langu hesabu ni hii, kutoka chini kupanda: 1, 3, 4, 9, 11, alafu 0, na 0 tena. Ile sufuri ndio habari. Maana yake dhahabu inaingia korongoni kati ya mahali pa 11 na mahali pa 0, sio kutoka juu zaidi. Tukageuka tukapanda ukingo wa kushoto tukachota kule, 6. Wa kulia, 0. Hatua kama hamsini juu tukakuta mawe ya kwatzi yenye kutu na vitundu vitundu, yamepangana kwa mstari ndani ya shamba la Dani, chini ya mti wa ober. Mjomba alivua kofia akakaa chini. Amelima hilo shamba na Dani tangu akiwa kijana.

Hatukuchimba. Jua lilikuwa linazama na hio ni kazi ya kikundi na kibali na mbao za kuegemeza, sio ya mtu mbili na jembe.

*Ya kuangalia sana:* mashimo ya zamani yako kila mahali na mengi hayana ata mti wa kufunika. Tulipita moja nikadondosha jiwe, sikusikia likifika. Usitembee usiku, usikanyage kichaka bila kupima kwa fimbo, na usishuke shimo la mtu. Vumbi pia. Kazi ya upepo inatoa vumbi la kwatzi, na hilo likiingia kifuani halitoki, linaharibu mapafu polepole bila dawa ya kurudisha. Nilikuwa na maski kumi za 300, siku ya pili tu zilikuwa nyekundu. Kitambaa cha leso hakitoshi. Simama upande upepo unatoka, watoto wakae mbali, na wewe ukipuliza usiku utaona kwa tochi ile moshi mweupe unaotembea. Kuna kijana pale, bado hajafika thelathini, anakohoa akipanda ata kilima kidogo. Hio sauti nimekuja nayo Nakuru.

Ijumaa, Februari 14. Karasha na mzani

Tulibeba kile tulikuwa nacho pamoja na mawe machache ya kwatzi hadi kwa karasha, ndio jina la mashine ya kusaga, naona limekuja na Watanzania wanaofanya kazi huku pamoja na maneno kama duara, yaani shimo la mgodi, na marudio. Kelele, dizeli, akina mama kwa mstari wanaosha marudio yaani mchanga ulioshasagwa na kuoshwa, wanatafuta yale yaliyobaki. Wengine wana watoto mgongoni.

Pale wanatumia zebaki. Unachanganya na mchanga, inashika dhahabu, unafinya kwa kitambaa, alafu lile donge linachomwa kwa kijiko juu ya jiko la makaa. Zebaki inachemka kwa digrii 357, makaa yanafika hapo bila shida, na ule moshi hauna harufu kubwa kwa hivyo watu wanakaa karibu. Msichana mmoja alikuwa anashikilia donge kwa mkono mtupu. Nilimwomba anawe na nikamwelezea, akanisikiza kwa heshima, alafu akauliza, "Anko, na sasa nitatumia nini?" Nikamwonyesha yetu ilivyotoka kwa ungo, sumaku na sabuni bila zebaki. Akasema akiwa na wakati atajaribu. Wakati ndio hana, analipwa kwa kile anatoa siku hio. Silaumu yeye ata kidogo. Naumia tu.

Mnunuzi alipima yetu: pointi saba. Pointi kumi ni gramu moja, kwa hivyo 0.7. Alitoa 900 kwa pointi, ikawa 6,300. Hesabu mfanye hivi kabla mtu hajawapimia: bei ya dunia wiki hio ilikuwa karibu dola 2,900 kwa wakia, wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa shilingi ilikuwa kama 12,000 kwa gramu ya dhahabu safi. Ya shimoni sio safi, ina fedha ndani, na mnunuzi lazima apate chake, lakini ukijua hio namba hautadanganywa na mtu wa 600 kwa pointi, na huyo alikuwepo, meza ya kwanza tulifika. Angalieni pia mzani uonyeshe sufuri kabla.

Tuligawa mara tatu, Dani, mjomba na mimi, 2,100 kila mtu. Dani alinunua jerikani mbili mpya za njano na sukari.

Jumamosi, Februari 15. Kurudi

Mke wa mjomba alinifungia aliya, nyama iliyokaushwa, kwa gazeti, na nyoyo, mahindi na maharagwe, kwa mkebe. Boda 300, gari mbili 1,300, hakuna kilichotokea barabarani isipokuwa mvua Kericho, na nilitoa mkono nje ya dirisha kama mtoto. Kamba ya makanga nimemrudishia stejini.

Kwa wanaouliza pesa, bila kuhesabu sanduku nilitumia 7,520: nauli kwenda na mzigo 1,500, loji 800, chakula cha njiani 350, boda zote 700, maji jerikani kumi na nne 420, turubai 650, maski 300, vitu vya nyumba ya mjomba 1,500, kurudi 1,300. Niliingiza 2,100. Kama unaenda peke yako ukidhani utarudi na faida wiki ya kwanza, usiende. Na kwenye bajeti yako andika maji juu kabisa kabla ya nauli, na ya wenyeji wako pia.

Sanduku nililiacha. Juzi mjomba ametuma picha: Dani ameketi kwa kiti chake kifupi, maski usoni, mkono kwa mvuo, lakini anainuka inuka kwa sababu ule mkono uko juu sana, nilipima kwa urefu wangu nikiwa nimesimama. Wiki hii ninatengeneza la pili, miguu nimekata inchi kumi na moja, wavu ni tatu badala ya moja, na mkono wa mvuo uko pembeni ili mtu asukume akiwa ameketi. Litapanda gari ya Jumatatu asubuhi.